Bisibisi na Laini ya Mezani

Mtu akimtafuta Bisibisi kwa jina la kwenye kitambulisho, atarudi kwao mikono mitupu. Mtaani hakuna anayelijua. Jina la Bisibisi alibandikwa na kinyozi wa mlango wa pili, siku ile alipomwona akiwasili na meza yake kichwani: mwanamke mrefu, mkavu, mwenye ulimi wa ncha. "Huyu ukimgeuza vibaya anakutoboa," kinyozi alisema, na mtaa ukalidaka jina kama ulivyokuwa ukidaka kila kitu kisichouhusu. Mwenyewe hakukasirika. Alisema bisibisi angalau ina kazi inayoeleweka, tofauti na kinyozi fulani ambaye kazi yake kubwa ni kusikiliza habari za watu huku akiwaharibu vichwa.

Kibanda chake cha kutengeneza simu kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, mahali ambapo zamani mwenye jengo aliweka mifagio na ndoo. Dari ilishuka mteremko pamoja na ngazi zenyewe. Mteja aliweza kusimama mlangoni, lakini fundi huko ndani ilimbidi akae kutwa, na akijisahau akainuka ghafla, paji la uso lilimkumbusha. Wapangaji wote walipita juu ya kichwa chake. Aliwajua kwa visigino: huyu kagombana na mumewe, huyu anamkwepa mwenye nyumba, huyu amepata kazi mpya. Mbele aliweka kabati la kioo lililojaa simu zisizopona, ambazo alizinyofoa vipuri kidogo kidogo, na kabati hilo aliliita mochwari. Mezani palikuwa na taa ya shingo ndefu, kioo cha kukuzia, mashine ya kupuliza hewa ya moto, na kompyuta kuukuu iliyong'oka herufi mbili. Kutwa kibanda kilinuka risasi ya kulehemu iliyoyeyuka.

Halafu palikuwa na laini ya mezani. Ilikuwa laini ya simu ya kawaida tu, ameihifadhi ndani ya kifuniko cha chupa, na haikuwa ya mtu yeyote. Kila simu iliyotengenezwa, kabla haijarudi kwa mwenyewe, iliwekwa laini ile. Bisibisi aliipigia kwa simu yake, ikaita, akaipokea, akawa na simu moja sikio hili na nyingine sikio lile, akisema, "Halo, halo, naongea na nani?" Na kinyozi, bila kuacha kunyoa, alijibu toka upande wa pili wa ukuta, "Mumeo huyu! Pika, nakuja na wageni!" Wateja walicheka, wakalipa, wakaondoka. Simu isiyoita haikutoka kibandani. Mafundi wengine walirudisha simu na dua, yeye alirudisha simu aliyoisikia ikiita kwa masikio yake mwenyewe, na kwa hilo alikuwa na kiburi cha haki kabisa.

Kiburi hicho kilikuwa na mama yake, na mama yake alikuwa dada. Mama mzazi alifariki Bisibisi akiwa bado anavaa sare ya shule, na dada, ambaye naye alikuwa binti tu, akaanza kufua nguo za watu. Alifua mashuka ya nyumba za wageni, alifua makoti ya watu wasiomsalimia, mpaka ngozi ya vidole ikawa inapasuka na kuziba, inapasuka na kuziba. Mashine ya kwanza ya kupuliza hewa ya moto ilitoka kwenye sabuni ile. Bisibisi hakuwa mtu wa maneno matamu, lakini kila alipoiwasha asubuhi alimkumbuka dada yake, na mteja aliyethubutu kuidharau mashine ile kwa uzee wake alitimuliwa pamoja na simu yake mbovu.

Dada aliolewa na fundi makochi. Huyu shemeji alikuwa pande la mtu, akibeba kochi la watu watatu peke yake begani huku akipiga mluzi. Nyumba yao ilijaa vitambaa, misumari midogo na sponji, na kila aliyekwenda kuwatembelea alikaa kwenye kiti cha mteja fulani ambacho kilikuwa hakijalipiwa. Kisha pumzi zikaanza kumwishia. Mwanzoni aliacha kupiga mluzi. Baadaye akawa anapumzika katikati ya kupanda mlima mdogo wa kwao, anajifanya anaangalia mandhari. Hospitali wakamwambia mlango mmoja wa moyo umelegea, hauzibi, na damu inarudi ilikotoka. Akawa hawezi kulala chali. Alilala ameketi, kwenye kiti kikubwa cha mikono alichojitengenezea mwenyewe, miguu imevimba mbele yake.

Mlango wa moyo ule ungeweza kutengenezwa. Hospitali kubwa ilikuwa ikipokea madaktari wageni wa moyo, wanakuja, wanapasua kwa muda, wanaondoka, wanarudi tena wakijaliwa. Karani wa wadi alimweleza dada bila kumung'unya maneno. "Simu yako iwe wazi wakati wote, mama. Zamu ikifika tunapiga. Tusipokupata tunampigia anayefuata. Si ubaya wetu, kitanda hakiwezi kulala kitupu."

Toka siku hiyo dada alitembea na simu kifuani. Akifua, iko kifuani. Akienda chooni, iko kifuani.

Na simu yenyewe ilikuwa ya mkopo. Aliichukua kwenye kampuni ya simu enzi shemeji bado anabeba makochi, siku ambayo walipiga muziki barabarani na kugawa kofia, chukua leo, lipa taratibu. Wahenga walishasema kukopa harusi, kulipa matanga, lakini wahenga hawakupigiwa muziki barabarani. Shemeji alipoacha kazi, malipo yakaanza kuchechemea. Kampuni ikatuma ujumbe wa upole, ikatuma wa ukali, na asubuhi moja ikaacha kutuma.

Dada alifika kibandani akikimbia, povu la sabuni bado limemganda viwikoni.

"Mdogo wangu, wameifunga."

"Nani kafunga nini? Kaa kwanza."

"Simu. Nimeamka nimekuta hivi. Angalia."

Kioo kizima kilikuwa kimejaa rangi za kampuni na picha ya kufuli. Maandishi makubwa yalisema: SIMU HII IMEFUNGWA. LIPA UENDELEE KUFURAHIA.

"Kufurahia!" Bisibisi alisonya mpaka kinyozi akasikia. Chini ya maneno hayo palikuwa na mstari wa maandishi madogo ya kijivu, ya aina ile ambayo kampuni huandika ili yasisomwe. Bisibisi hakuyasoma.

"Sasa hospitali wakipiga?" dada alisema. "Wakipiga leo? Wakipiga sasa hivi?"

"Dada, tulia. Umekuja kwa nani?"

"Kwako."

"Basi."

Kinyozi alichungulia, wembe mkononi. "Dawa ya deni kulipa," alisema.

"Mlipie wewe," Bisibisi alimjibu, "kisha urudi tukupe nishani." Kinyozi akarudi kwa mteja wake.

Kitu cha kwanza Bisibisi alichofanya ni kuchomoa laini. Ndivyo mafundi wote wanavyofanya. Simu ya mkopo kwao ni mtoto mbea: maadamu ina laini yake, inamsimulia mwenye mali kila unachoigusa. Kwa hiyo laini inatoka kwanza, maswali baadaye. Aliijaribu laini ile kwenye simu yake mwenyewe ili dada apate pa kupokelea kwa muda, lakini ikagoma. Kampuni ilikuwa imeifungisha ndoa na simu ile moja tu, kwingine haikubali. Kumbe wangeweza hata kwenda hospitali kuwapa namba ya Bisibisi iandikwe pembeni. Hilo halikuwajia wote wawili. Dada alikuwa na fundi wa damu yake, na fundi alikuwa na kiburi chake, na kati ya vitu hivyo viwili namba ya pili ilionekana kama matusi.

"Sikiliza," Bisibisi alimwambia. "Hili kufuli si picha. Ni askari, wamemjengea ndani ya ukuta. Ukifuta simu, yeye habanduki, kwa sababu si mpangaji, ni sehemu ya nyumba. Dawa yake ni kubomoa nyumba yote na kujenga nyingine, ndiyo kuflashi."

"Inawezekana?"

"Wapo watu huko duniani wanajenga mifumo ya simu bure kabisa, wanaiweka kwenye mtandao, anayetaka achukue. Simu hiihii, lakini ndani ni nyingine. Kampuni haina mtu mle."

"Si dhambi?"

"Dhambi ni kumfungia simu mtu mwenye mgonjwa."

Bisibisi akamwonya kwamba kila kitu kilichomo kitafutika, picha, majina ya watu, sauti. Dada akasema kifutike, majina anayo kichwani.

Kazi ilimchukua mchana mzima. Aliiunganisha simu na kompyuta kwa waya, akabana vitufe viwili kwa pamoja, simu ikawa nyeusi na vijiandishi vyeupe juu kabisa. Aliufungua mlango wa chini, ule ambao kiwanda huufunga ili watu kama yeye wasipite, na simu ikajifuta. Kisha akaanza kumimina mfumo mpya, mstari ukitambaa kwenye kioo cha kompyuta polepole mno. Huu ndio wakati ambao mafundi hawasemi. Umeme ukikatika hapo, simu inageuka tofali. Taa ilififia mara moja, Bisibisi akashika meza kwa mikono miwili utadhani meza ndiyo yenye umeme, na taa ikarudi. Juu ya vichwa vyao wapangaji walipanda na kushuka. Dada alikaa kwenye kigoda cha wateja akijikwangua povu lililokauka.

Hatimaye simu iliwaka ikiwa na alama wasiyoijua. Hapakuwa na kufuli, hapakuwa na rangi za kampuni, na ilikuwa nyepesi kuliko siku ilipotoka dukani. Bisibisi alitoa laini ya mezani kwenye kifuniko chake, akaiweka, akaipigia.

Ikaita.

"Halo, halo, naongea na nani?"

"Mumeo huyu!" kinyozi alinguruma toka ukutani. "Pika, nakuja na wageni!"

Dada alicheka. Alikuwa hajacheka muda mrefu, na kicheko kilimtoka pamoja na machozi, akajifuta kwa mgongo wa mkono. "Mdogo wangu," alisema, "Mungu akuweke."

"Laini yako utaweka ukifika nyumbani," Bisibisi alimwambia. "Si hapa."

Hiyo nayo ilikuwa kanuni ya mafundi. Waliamini kampuni huona laini ya mkopo ikiwaka wapi, na kibanda kikishajulikana, kila simu inayopitia pale itaandamwa. Kama ni kweli au ni hofu tu, hakuna fundi aliyewahi kuhakikisha. Kwa hiyo laini ya dada haikuwahi kuwekwa kwenye simu ile mbele ya macho ya Bisibisi. Ilirudi nyumbani imefungwa kwenye karatasi, na jioni dada akamtumia ujumbe wa sauti: "Imekubali! Mistari ya mtandao imejaa yote. Shemeji yako anakusalimia."

Ujumbe ulipita kwenye intaneti. Picha zilipita. Bando lilikuwa linakwenda vizuri. Dada hakuwa mtu wa kupiga simu, alikuwa mtu wa kupigiwa, salio la kupiga kwake lilikuwa anasa. Aliichomeka simu kifuani, akaendelea kusubiri.

Bisibisi alikwenda kumtazama shemeji siku zile. Alimkuta kwenye kiti chake, amepungua, macho yamekuwa makubwa, lakini ulimi haujavimba.

"Shemeji," alimwambia, akivuta pumzi katikati ya maneno, "nasikia unaflashi. Niflashi na mimi. Futa kila kitu, weka moyo mpya."

"Ukifutwa utamsahau mkeo."

"Huyo... simsahau. Ananidai."

Dada alimrushia sponji. Simu ilikuwa kifuani mwake, inaonekana umbo lake chini ya nguo, na kila baada ya muda aliigusa kwa kiganja bila kujua kama anaigusa. Shemeji alimwona Bisibisi akitazama. "Itaita," alisema. "Simu uliyoitengeneza wewe... itaacha kuita?" Bisibisi aliondoka pale kifua mbele. Baadaye, alipokumbuka sentensi ile, ilimbidi aache alichokuwa akifanya na kukaa chini.

Shemeji alifariki mchana wa jua kali, dada akiwa uani anaanika mashuka ya watu. Aliporudi ndani alimkuta ameketi vilevile, kichwa kimeegemea bawa la kiti, na kwa muda dada alitembea kwa kunyata akidhani hatimaye amepata usingizi. Alifia nyumbani, akazikwa na ndugu na mafundi wenzake. Hospitali hakuna aliyekwenda kuwaambia, na kwa nini mtu aende? Watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Watu walisema pia, kwa sauti ya chini, kwamba hizi hospitali zina wenyewe, mtu mdogo hapigiwi simu. Bisibisi ndiye aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote. "Waliahidi kupiga!" alifoka mbele ya waombolezaji. "Kupiga simu tu! Kitu gani kigumu?"

Siku za msiba zilipokwisha, dada alikuja kibandani. Alikaa kwenye kigoda kilekile. Mashavu yalikuwa yamemwingia ndani.

"Hebu iangalie hii simu," alisema. "Watu wananilaumu. Shangazi anasema amepiga kunipa pole mpaka kidole kikamuuma. Yule mama ninayemfulia naye kanuna. Kila mtu anasema sipatikani, sipatikani. Nami niko hapahapa, na mtandao umejaa."

Bisibisi aliichukua. Kwa mazoea alitoa laini ya mezani, akaiweka, akapiga. Ikaita mara moja, kwa sauti safi. Alijisikia nafuu, na hata "halo, halo" ikamtoka. Upande wa pili wa ukuta kinyozi alianza, "Mume..." kisha akakumbuka ni nani aliyekaa mle ndani, akameza neno.

"Ni nzima," Bisibisi alisema. "Labda shangazi anakosea namba."

"Weka yangu," dada alisema.

Aliiweka. Mistari ya mtandao ikapanda mpaka juu. Bisibisi akapiga namba ya dada yake, akaweka sikioni, huku anaitazama simu ile mezani. Haikuita. Kioo hakikuwaka. Sikioni mwanamke wa kampuni alimwambia kwa adabu kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Alipiga tena. Alitoa laini, akaifuta kwa nguo, akairudisha, akapiga. Mwanamke wa kampuni hakuchoka na adabu yake.

Barabarani, mkabala na jengo, palikuwa na bango kubwa ambalo Bisibisi alilipita kila asubuhi. Lilisema kampuni imezima minara yake yote ya zamani na sasa sauti inasafiri njia moja na intaneti, kwa kasi ya ajabu. Alikuwa amelisoma mara ngapi? Sauti kusafiri njia ile inahitaji kipande maalumu ndani ya mfumo wa simu, kipande ambacho kampuni huweka kwenye simu zake, na nyumba mpya aliyoijenga yeye haikuwa nacho. Intaneti iliingia. Sauti haikuwa na mlango. Laini ya mezani ilikuwa ya kampuni nyingine, ambayo minara yake ya zamani ilikuwa bado imesimama, na ndiyo maana iliita mbele yake kwa furaha, ikamdanganya. Alikuwa ameijaribu simu ya dada yake kwa laini isiyo ya mtu yeyote, akaiacha ile ambayo maisha ya mtu yalikuwa yakiisubiri.

Dada hakujua habari za minara. Lakini alimlea, na uso ule aliujua.

"Toka lini?" aliuliza.

Bisibisi angeweza kusema toka jana. Angeweza kusema mtandao una matatizo, mafundi husema hivyo kutwa na hakuna anayewabishia.

"Toka nilipoigusa," alisema. "Siku ileile. Ni mimi, dada. Imekuwa haisikii toka siku ile."

Kisigino cha mtu kilipita juu ya vichwa vyao, kikashuka, kikaenda zake.

"Kwa hiyo walipiga," dada alisema.

"Sijui. Labda hawakupiga."

"Irudishe ilivyokuwa."

"Nikirudisha, inafungwa tena."

"Ifungwe."

Bisibisi alirudisha mfumo wa kampuni. Alikosea vitufe akaanza upya, yeye ambaye alikuwa akitoa skrubu ndogo kuliko chawa bila kushika pumzi. Alitamani dada amtukane. Alitamani ainuke amzabe kibao, ndipo apate la kujibu au la kulilia. Dada alikaa tu, mikono iliyopasuka imelala mapajani, anatazama kabati la simu zilizokufa. Mstari ukatambaa mpaka mwisho. Simu ikawaka na rangi za kampuni. Bisibisi akaweka laini, safari hii hapohapo kibandani, kampuni ione inapotaka kuona. Baada ya muda mfupi askari wa ukutani akaamka: kufuli likajaza kioo. SIMU HII IMEFUNGWA. LIPA UENDELEE KUFURAHIA.

"Haya," Bisibisi alisema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Akainyoosha simu kumpa dada yake, na simu ikaita.

Iliita kwa nguvu, ikatetemeka kiganjani mwake, kufuli bado lipo kiooni, na juu ya kufuli pakawaka duara la kijani. Bisibisi aliiangalia bila kuelewa. Ndipo macho yake yakashuka kwenye ule mstari wa maandishi madogo ya kijivu, akausoma kwa mara ya kwanza. Ulisema: Bado unaweza kupokea simu.

Dada alimpokonya, akapokea. Karani wa wadi alikuwa na sauti ya kusikika, hata kinyozi alizima mashine yake.

"Mama! Afadhali! Toka asubuhi nakupigia. Na zamu yako ilipofika, juma lile la kwanza la madaktari, tulikupigia mno, ukawa hupatikani, ikabidi tumpe wa nyuma yako. Tulisikitika kweli. Sasa sikiliza, madaktari wameongeza siku, kuna nafasi. Mlete mzee kesho mapema, asile kitu."

Bisibisi alikuwa ameinama, paji la uso liko juu ya meza, na mabega yanapanda na kushuka.

"Mzee ametangulia," dada alisema.

Upande wa pili zikasikika pole, pole nyingi, pole za mtu aliyezoea kuzitoa lakini safari hii zimemkwama. Dada alimshukuru. Karani akauliza, kwa aibu, kama basi wampigie anayefuata.

"Mpigieni," dada alisema. "Asipopatikana msimruke. Mtumieni mtu mpaka mlangoni."

Alikata simu. Aliitazama kidogo ile picha ya kufuli, akaichomeka kifuani ilipozoea kukaa, akainuka. Mlangoni alisimama, akamwekea Bisibisi mkono mgongoni, mkono ule wa sabuni, ukakaa pale. Hakusema amesamehe, na hakusema hajasamehe.

"Nimeacha mashuka ya watu kwenye kamba," alisema, akaondoka.

Hajafika hata barabarani, simu ikaanza kuita tena. Labda ni shangazi, labda ni yule mama wa nguo. Bisibisi aliisikia toka chini ya ngazi, ikiita vizuri kabisa, mpaka dada alipokata kona.